Kazi Anayo, Saini Hana

Ukishuka Karusandara kutoka mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, saa kumi na mbili asubuhi, wanawake utakaowakuta njiani wametangulia zamani. Mmoja ana jembe begani na mtoto mgongoni. Mwingine anarudi na dumu la maji. Wa tatu anawahi kibarua kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, kupalilia mahindi ya mbegu katika shamba la mtu. Waulize wanafanya kazi gani. Usishangae ukijibiwa: "Sina kazi, niko tu nyumbani."

Jibu hilo linafanana sana na lile la wataalamu wa takwimu. Mwaka 2013, mkutano wao uliofanyika Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliibana maana ya ajira: kuajiriwa ni kufanya kazi kwa malipo au kwa faida. Anayelima chakula cha kula na wanawe anafanya kazi, ila hahesabiwi miongoni mwa walioajiriwa. Kwa hiyo mama mwenye jembe yumo shambani na kwenye jedwali hayumo. Sina ugomvi na kipimo hicho, maana kinatuonyesha fedha zinaishia wapi. Ugomvi wangu ni na wale wanaolisoma jedwali hilo kisha wakaamua kwamba mwanamke wa Kasese anahitaji kufundishwa kazi. Ndipo zinapokuja cherehani. Kijiji kimoja kinapewa mafundi kumi kwa mpigo, na hakuna aliyeuliza watu wa pale hushona nguo ngapi kwa mwaka.

Kazi ipo. Tatizo liko kati ya jasho na fedha, na katika nchi iliyopita vitani pengo hilo lina historia yake.

Kasese haijatoka kwenye vita moja. Harakati za kujitenga za Rwenzururu zilizoanza 1962 zilitulia 1982. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo karibu na Bwera, na miaka iliyofuata watu wengi wa milimani walihamia makambini. Julai 2014 damu ikamwagika tena. Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi lilivamia ikulu ya Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, mjini Kasese, na watu zaidi ya mia wakapoteza maisha siku hiyo na ile iliyotangulia. Kisha Juni 16, 2023, ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu 42, wengi wao wanafunzi. Ukisikia "baada ya vita" hapa, uliza vita ipi.

Vita ikipita, jambo la kwanza inalobadilisha katika soko la kazi ni nani aliyebaki nyumbani. Mume amekufa, amekimbia, au yumo gerezani. Huyu wa mwisho anasahaulika, nami nadhani ndiye anayetufundisha zaidi. Waliokamatwa 2016 pamoja na Omusinga Charles Wesley Mumbere walifikishwa mahakamani Jinja, upande wa pili wa nchi, na mashtaka dhidi yake yalikuja kuondolewa Juni 2023. Hapo kati kuna miaka sita na nusu. Mke wa mahabusu kwa miaka hiyo yote si mjane, na si mke mwenye mume nyumbani. Akitaka kukodisha kipande cha shamba apate ada ya shule, shemeji anamwambia asubiri mwenyewe arudi. Akitaka mkopo, anaulizwa dhamana. Dhamana ni ardhi, na ardhi ina jina la mtu aliye Jinja.

Sheria haijamtupa. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza mume kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kwayo bila ridhaa ya mkewe. Ni kinga nzuri, lakini itazame vizuri: inampa mwanamke nguvu ya kukataa, haimpi nguvu ya kuanza. Anaweza kuzuia shamba lisiuzwe. Kuliweka rehani yeye mwenyewe anunue mbegu na ng'ombe wa kulimia, hilo ni jambo jingine. Kwa wajane, marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022 yaliongeza fungu la mwenzi aliyebaki kutoka asilimia 15 hadi 20 pale marehemu asipoacha wosia. Lakini fungu hilo linaanzia kwenye barua ya usimamizi wa mirathi, barua inaanzia mahakamani, na mahakama inaanzia kwenye nauli. Kabla ya hayo yote, lazima athibitishe kwamba aliolewa. Pale mahari haikumalizika, au ndoa haikuandikwa popote, ukoo wa mume unajua pa kumshikia.

Karusandara kuna uzito wa ziada. Ardhi yenyewe inagombewa. Wakonzo wakulima, Wasongora wafugaji na Wanyabindi wanaitazama tambarare ileile, huku Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth ikiwa imeshika eneo kubwa la jirani. Mwaka 2006 Wasongora waliofukuzwa upande wa Virunga, Kongo, walivuka na mifugo yao, serikali ikalazimika kuwatafutia mahali Kasese, na msongamano ukaongezeka. Ardhi ikiwa finyu, mipaka hujadiliwa katika mabaraza ya koo, na katika baraza la ukoo mwanamke ana shida ya pekee: kwao alikozaliwa wanamwambia ameolewa, alikoolewa wanamwambia amekuja.

Yapo mambo mengine ya kawaida ambayo nayataja tu. Msichana aliyekosa shule kambini mwishoni mwa miaka ya tisini leo ni mama wa makamo asiye na cheti cha sekondari, na ofisi huuliza cheti hata kwa kazi ya kufagia. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, wasichana wengine walitoka wasirudi. Na kila serikali inapoahidi kufufua mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofunguliwa 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu husema ajira zinakuja. Huenda. Ila hata mgodi ulipokuwa na uhai, kazi ya chini ya ardhi ilikuwa ya wanaume.

Wanawake hawakukaa kungoja. Benki iliposhindwa, walifungua sanduku. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mfumo wake ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, vimeenea Uganda nzima: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu mbele ya wote. Navipenda vikundi hivi, lakini naijua mipaka yake. Fedha iliyomo ni ya majirani wanaolima bonde moja. Mei 2020, mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika mwezi mmoja. Siku mto unapokuvamia wewe, unamvamia pia aliyekuwa akukopeshe.

Je, fedha kutoka nje ingetosha? Swali hili limewahi kupimwa Uganda hiihii. Kaskazini, baada ya vita ya waasi wa LRA, shirika la AVSI lilitoa dola 150 kwa kila mmoja wa watu maskini karibu 1,800 wa Gulu na Kitgum, wengi wao wanawake, likaongeza siku chache za mafunzo ya biashara. Watafiti, akiwemo Christopher Blattman, wakawafuatilia. Kipato chao kilipanda karibu maradufu. Lakini walipopima uhuru wa mwanamke ndani ya nyumba yake, nani anaamua na nani anasikilizwa, hawakuona badiliko kubwa. Ni matokeo ninayotaka kila afisa wa mpango wa parokia, ule wa serikali unaokopesha kaya shilingi milioni moja na kuwatengea wanawake asilimia 30, ayabandike ukutani. Mtaji hufungua duka. Haufungui mdomo mezani.

Kilichogusa meza yenyewe nakiona milimani Kyarumba, kwenye ushirika wa kahawa wa Bukonzo Joint. Wanatumia mbinu iitwayo GALS, iliyokuzwa hapo Kasese kwa msaada wa mtafiti Linda Mayoux na shirika la Oxfam Novib. Haihitaji kusoma, inahitaji kalamu na karatasi. Mume na mke wanachora mti. Kwenye mizizi wanaandika kwa picha kila kazi, ya mke upande mmoja, ya mume upande wa pili. Kando ya shina, mali na mwenye mali. Kwenye matawi, fedha zinakotumika. Bwana aliyeamini maisha yake yote kwamba yeye ndiye mchapakazi anaona mizizi yake ni miwili na ya mkewe ni tisa, halafu tawi lake la pombe limezidi tawi la ada ya shule. Hakuna aliyemhubiria. Amechora mwenyewe. Kahawa inayochumwa, kukobolewa na kuanikwa na mwanamke, lakini ikauzwa na mwanamume, wakati mwingine ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, inaanza kuwa jambo la kujadiliwa. Wapo waliofika hadi kuandika makubaliano ya ardhi kwa majina mawili. Kwangu mimi hiyo ni sera ya ajira, hata kama hakuna wizara iliyoiita hivyo.

Kasoro yake ni kwamba mti unahitaji wachoraji wawili.

Wasio na mwenzi wa kuchora naye, wengi huelekea Bwera. Soko la Mpondwe huchangamka Jumanne na Ijumaa, maharage na samaki vikielekea Kasindi, upande wa Kongo, vitenge vikirudi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya ya kibiashara ya COMESA ina utaratibu mwepesi wa forodha kwa wenye mizigo midogo. Lakini utaratibu uliomo kwenye karatasi humsaidia anayeijua karatasi. Asiyejua, anavuka kwa njia za panya kwenye mto Lhubiriha, anakokuwa mkosaji kabla hajauza chochote na hana wa kumshitakia akinyang'anywa. Tena mwanamke aliyechota maji, akapika, akapeleka mtoto shule, anafika sokoni saa nne. Bei ya jumla ilikuwa saa moja.

Turudi kwa mke wa mahabusu. Tuseme katika miaka ile sita na nusu alivuka mpaka, akaweka akiba, akanunua mbuzi, mbuzi wakazaa, wakauzwa, wakawa mtamba. Leo mtamba amekuwa ng'ombe wawili, na ada ya muhula inadaiwa. Ili kumuuza mmoja mnadani anahitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji. Anabisha hodi, anakaribishwa vizuri, anapewa kiti. Mwenyekiti anachukua kalamu, anafungua daftari, anauliza: "Mama, mwenye nyumba yuko wapi?"