Alama za Mwalimu Zina Uzito Gani?

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, tathmini ya gredi ya 9 ya kuingia sekondari ya juu nchini Kenya, yalipotangazwa Desemba 2025, swali la mzazi wa Kakamega lilikuwa moja: mtoto ataitwa Kakamega School, Butere Girls, au ataingia shule ya kutwa jirani? Masomo ni 9, kila moja lina viwango 8, jumla pointi 72. Ila matokeo hayo si ya mtihani mtupu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tathmini ya KPSEA ya gredi ya 6 ina asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 zina 20, na mtihani wa gredi ya 9 una 60. Chini ya KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, miaka minane ya masomo ilihukumiwa kwa siku chache tu. Sasa mwalimu wa darasani naye ana sauti. Uganda imepita njia hiyo hiyo: katika UCE, mtihani wa kidato cha nne, ya mtaala mpya iliyoanza 2024, kazi za shuleni zina asilimia 20.

Ugumu uko kwenye usawa. Baraza la mitihani, KNEC, hutoa kazi na mwongozo wa kusahihisha, mwalimu husahihisha, shule hupakia alama mtandaoni. Tuseme kazi ni kutengeneza mboji. Mwanafunzi wa Shinyalu amepanga matabaka ya majani makavu, samadi na majivu, akachomeka kijiti cha kupimia joto. Lakini hajui kwa nini rundo hugeuzwa. Mwalimu wake anampa “Kufikisha Matarajio”. Kule Mumias, rundo kama hilo, la mwanafunzi asiyejua vilevile, linapewa “Kuzidisha Matarajio” kwa sababu ni nadhifu. Hakuna aliyedanganya. Kila mwalimu ameusoma mwongozo kivyake, na tofauti hiyo itaamua nani anapata nafasi.

Dawa rahisi ni kuwapunguzia walimu uzito, au kuzirekebisha alama zao kutoka makao makuu. Uingereza ilijaribu hilo la pili mwaka 2020, korona ilipofuta mitihani. Kanuni ya kompyuta ilishusha karibu asilimia 40 ya alama ambazo walimu walikuwa wamewapa watahiniwa wa A-level, mtihani wa kumaliza sekondari. Wanafunzi waliandamana, na siku chache baadaye serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Kanuni ile iliangalia rekodi za shule. Haikusoma kazi ya mwanafunzi hata mmoja.

Njia inayofaa ni usawazishaji: walimu wa shule kadhaa za kata moja wakae pamoja, wasahihishe kazi zile zile, wabishane hadi wakubaliane kiwango kiko wapi. Hilo linataka muda na nauli, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 70 hana akiba ya vyote viwili. Kaunti ndogo ndiyo inayopaswa kulipangia ratiba na bajeti.

Mzazi naye asingoje. Kwenye mkutano wa shule, omba uonyeshwe kazi yenyewe, kisha uliza kwa nini haikupata kiwango cha juu zaidi. Jibu litakueleza mengi kuliko pointi.