Mng'ao wa Vyombo vya Kashan: Udongo, Moto na Mapambo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wafinyanzi wa mji wa Kashan, nchini Uajemi (Irani ya leo), walivyopamba vyombo vyao katika karne ya 12 na ya 13. Avionaye vyombo hivyo hudhani vimepakwa dhahabu, kumbe sivyo. Hoja yetu ni kwamba mapambo yake hayaeleweki yakitenganishwa na udongo na moto vilivyoyazaa.

Ushahidi mkuu ni risala iliyoandikwa mwaka 1301 na Abu'l-Qasim, mwanahistoria aliyezaliwa katika ukoo wa Abu Tahir, ambao ulirithishana ufinyanzi kwa vizazi kadhaa. Kwa mujibu wa risala hiyo, chombo kilifinyangwa kwa mafungu 10 ya mawe meupe ya kwatsi yaliyosagwa, fungu 1 la kioo kilichosagwa na fungu 1 la udongo mweupe. Kwa njia hiyo wafinyanzi waliuiga weupe wa kauri za China bila ya kutumia udongo wa kauri.

Baadaye chombo kilipakwa utando wa kioo uliotiwa bati ili uwe mweupe, kikachomwa. Ndipo mchoraji alipochora juu ya utando huo kwa dawa yenye fedha na shaba: majani, ndege, wapanda farasi na, ukingoni, mashairi ya Kiajemi. Kisha chombo kilitiwa katika tanuri ya pili, kikafukizwa moshi kwa muda wa saa 72. Moshi uliiondolea dawa hiyo oksijeni, na chembe ndogo mno za fedha na shaba zikabaki ndani ya utando wa kioo. Kilipopoa, kilisuguliwa kwa udongo wenye majimaji. Hapo mng'ao ukadhihirika.

Ni dhahiri, basi, kwamba kalamu ya mchoraji ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ya mchochea moto. Mhakiki anayevipima vyombo hivi kwa michoro peke yake huwapunja waliovitengeneza. Aidha, ujuzi wa ukoo aghalabu huzikwa pamoja na wenyewe. Lau Abu'l-Qasim asingeandika, leo tungekuwa na vyombo mikononi, lakini bila ya maneno ya mtu aliyekulia kando ya tanuri.