Msingi wa Fuwele Zilizopangika

Miongoni mwa istilahi zinazompotosha mfasiri ni zile zenye sura ya neno la kawaida. Mfano ni istilahi ya Kiingereza inayoeleza sifa ya msingi wa metali ambao juu yake huoteshwa kipitishi kisokinzani, yaani kitu kipitishacho umeme pasipo ukinzani kikiwa katika baridi kali. Neno hilohilo hutumika kwa mguso wa kitambaa. Hivyo ni rahisi kuandika "msingi wenye mkwaruzo". Tafsiri hiyo yapindua maana. Fundi akiifuata ataukwaruza utepe na kuuharibu, kwani uso wake hutakiwa uwe laini sana. Kinachosemwa ni mpangilio wa fuwele za metali yenyewe.

Kwa nini mpangilio? Oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, iliyogunduliwa mwaka 1987, hupoteza ukinzani katika kelvini 92 hivi. Nitrojeni iliyo kioevu, yenye kelvini 77, yatosha kuipoza. Lakini fuwele zake zikitofautiana mwelekeo kwa zaidi ya nyuzi chache, mipaka baina yake huzuia sehemu kubwa ya mkondo.

Mwaka 1996 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walitangaza njia hii. Nikeli, ambayo baadaye ilianza kuchanganywa na tungsteni kidogo, hupitishwa baina ya rola bila kupashwa moto, hata unene wake upungue kwa zaidi ya asilimia 95. Kisha utepe hutiwa katika tanuri lisilo na oksijeni. Humo fuwele mpya huzaliwa, nyuso za michemraba yake zikilingana na uso wa utepe. Juu yake hutandazwa matabaka membamba ya oksidi, kama ile ya seriamu. Matabaka hayo huzuia nikeli isikichafue kipitishi, na papo hapo hukirithisha mpangilio wa fuwele.

Kwa hiyo twapendekeza "msingi wa fuwele zilizopangika". Kitenzi "kuotesha" nacho chafaa, kwa kuwa kila tabaka hufuata lililo chini yake.

Walimu nao waangalie maneno "halijoto ya juu". Kelvini 92 ni nyuzi za selsiasi 181 chini ya sifuri. Ni juu kwa kulinganishwa tu na vipitishi vilivyojulikana kabla ya mwaka 1986, ambavyo havikuzidi kelvini 24. Jambo hili lisipoelezwa, mwanafunzi atafikiria moto mahali penye baridi kupita barafu.