Bei ya Vigelegele: Marekani Hulipa Nini Kuwapokea Askari Wake

Tarehe 8 Juni 1991, askari wapatao 8,000 walipita kwa gwaride katikati ya jiji la Washington, vifaru vikiwafuata na ndege za kivita zikipita juu yao. Vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha miezi mitatu nyuma. Pamoja na fataki za usiku, siku ile ilivuta watu wapatao 800,000 na kugharimu takriban dola milioni 12. Ukigawanya, ni dola 1,500 kwa kila askari aliyepita, au dola 15 kwa kila aliyekuja kutazama. Ila Wamarekani waliopelekwa Ghuba walizidi 500,000, maana yake waliopigiwa makofi siku ile Washington hawakufika wawili katika kila mia.

Sisemi kwamba fedha zile zilitupwa. Ukubwa wa sherehe ulitokana na deni la zamani. Wamarekani wapatao milioni 2.7 walitumikia Vietnam, na wengi waliporudi hawakupokewa na yeyote isipokuwa jamaa zao. Vita vile vilikuwa vimeigawa nchi, hilo linajulikana. Linalosahaulika ni kwamba mpango wa jeshi lenyewe ulichangia. Kwa kawaida kila askari alipewa zamu ya miezi 12. Ikiisha, alipanda ndege na kurudi peke yake huku kikosi chake kikibaki vitani. Juzi alikuwa msituni, leo yuko California anatafuta usafiri wa kwenda kwao. Gwaride huandaliwa kwa kikosi kinachorudi pamoja, na vikosi havikurudi hivyo. New York iliwaandalia maandamano yao tarehe 7 Mei 1985, miaka 10 baada ya Saigon kuanguka: walitembea 25,000, na watu wapatao milioni moja wakajipanga kandokando ya barabara. Ukuta wa kumbukumbu ya waliokufa Vietnam uliozinduliwa Washington mwaka 1982 ulijengwa kwa dola milioni 8.4 za michango, bila fedha za serikali kuu. Una majina zaidi ya 58,000. Ni chini ya dola 150 kwa kila jina.

Mapokezi yanayonigusa kuliko yote hayana bajeti ya kutajwa. Bangor ni mji wa watu wapatao 31,000 katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya nchi. Kiwanja chake cha ndege kilikuwa kambi ya jeshi la anga, kwa hiyo kina njia ndefu ya kurukia, zaidi ya kilomita 3.4, na kiko kwenye mkondo wa ndege zinazovuka Atlantiki. Ndege nyingi zilizobeba askari kutoka Irak na Afghanistan zilitua hapo kujaza mafuta kabla ya kuendelea na safari. Tangu 2003, wakazi wa mji, wengi wao wazee, na kati yao wanaume waliopigana Vietnam, walijipanga mistari miwili kwenye ukumbi wa abiria na kumpa mkono kila askari aliyeshuka. Ndege ikitua saa nane za usiku, walikuja saa nane za usiku, hata katika baridi ya Januari. Walileta biskuti za kupika nyumbani na simu za mkononi zilizotolewa kama msaada, ili askari aweze kumpigia mama yake bure. Walikuwepo pia kwa wale waliokuwa wakienda vitani.

Kwa miaka yote hiyo wamepokea askari zaidi ya milioni 1.5 katika safari za ndege zaidi ya 7,000. Hiyo ni karibu mara 48 ya idadi ya watu wa mji wao, na wastani wa mikono zaidi ya 200 kwa kila ndege. Kumbuka kwamba askari hawa hawakuwa watoto wa Bangor. Wengi walikuwa wa Texas, wa Georgia, wa Ohio, na baada ya saa moja au mbili waliondoka wasionekane tena hapo.

Sasa weka hesabu nyingine kando ya hiyo. Mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti kuhusu mikataba kati ya Wizara ya Ulinzi na timu za michezo. McCain mwenyewe alikuwa mfungwa wa kivita Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano. Katika mikataba 122 waliyoichunguza, 72 ilikuwa na malipo ya kuwaenzi askari uwanjani: kukunjua bendera kubwa, kuwasimamisha majeruhi mbele ya mashabiki, hata kumkutanisha askari na familia yake kwa kushtukiza. Gharama ilikuwa dola milioni 6.8, wastani wa dola 94,000 hivi kwa mkataba. Timu ya Atlanta Falcons ilipokea dola 879,000. Mwaka uliofuata ligi ya mpira wa Kimarekani ilirudisha takriban dola 724,000.

Kwa bajeti ya jeshi lile, fedha hizo ni kidogo mno. Kinachouma ni kwamba shabiki aliyesimama na kupiga makofi hadi machozi yakamtoka alifanya hivyo kwa moyo wake. Hakuambiwa kwamba timu imelipwa, na kwamba mlipaji ni yeye mwenyewe kupitia kodi yake.

Kinyume chake, mwezi Januari 2012 jiji la St. Louis liliwapokea askari waliotoka Irak kwa gwaride lililobuniwa na marafiki wawili. Walichangisha takriban dola 35,000, wakaja watu wapatao 100,000. Ni senti 35 kwa kila mtu.

Gharama nzito inaanza makofi yakishaisha. Kambini Irak na Afghanistan, taka za kila aina, kuanzia plastiki na betri hadi dawa, zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, na askari wakavuta moshi huo mchana na usiku. Waliporudi na kuugua mapafu na saratani, maombi yao ya fidia yalikataliwa zaidi ya mara saba katika kila kumi, kwa hoja kwamba hawakuthibitisha ugonjwa ulitoka wapi. Mwishoni mwa Julai 2022 mswada wa kurekebisha hali hiyo ulikwama katika Seneti, na askari wastaafu wakalala kwenye ngazi za Bunge wakidai upite. Ulipita tarehe 2 Agosti kwa kura 86 dhidi ya 11. Makadirio ya gharama yake ni takriban dola bilioni 280 kwa miaka 10. Kwa fedha hizo ungeweza kurudia gwaride la 1991 zaidi ya mara 23,000.

Na mkia wa deni hili ni mrefu. Profesa Linda Bilmes wa Chuo Kikuu cha Harvard amekadiria kwamba kuwatunza waliopigana tangu 2001 kutagharimu kati ya dola trilioni 2.2 na 2.5 hadi mwaka 2050. Kwa waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokwisha 1918, mwaka wa malipo makubwa kuliko yote ya fidia ya ulemavu ulikuwa 1969. Pensheni ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1865, ilikuwa dola 73.13 kwa mwezi kwa binti wa askari mmoja, na ililipwa hadi alipofariki mwaka 2020. Majeshi ya Marekani yaliondoka Afghanistan mwaka 2021. Kwa kipimo cha Vita vya Kwanza, malipo yao makubwa kabisa yatafika karibu na mwaka 2072, na kijana aliyeshikwa mkono Bangor akiwa na miaka 20 katika safari za mwisho atakuwa na zaidi ya miaka 70.