Bagamoyo na Wageni wa Jumapili

Kila Jumamosi na Jumapili wageni hutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kupunga upepo na kutazama majumba ya kale. Lakini mawe hayasemi. Mji ule ulikuzwa kwa mabega ya wapagazi walioleta pembe za ndovu kutoka bara. Mwezi wa Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao walifika huko na maiti ya bwana wao, Dr. Livingstone, waliyoichukua kwa miguu miezi mingi. Mwaka 1891 makao ya serikali ya Wadachi yalihamia Dar es Salaam, na biashara ikapungua. Basi, enyi wazee na walimu, wasimulieni vijana habari hizi. Asiyeambiwa huona magofu tu.