Kazi ya Mwanafunzi ni Mali ya Nani? (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyopita ilieleza jinsi Karl Marx, akiwa Paris mwaka 1844 na umri wa miaka 26, alivyomtazama mfanyakazi wa kiwandani: hutengeneza kitu kisicho chake, kwa namna asiyoichagua, hadi akafarakana na kazi, na wenzake, na utu wake mwenyewe. Maandishi yake hayo ya Paris yalichapishwa mwaka 1932, miaka 49 baada ya kifo chake.

Je, mfarakano huo umo darasani?

Umo. Mtazame mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania. Amepiga msuli miaka minne. Karatasi yake ya majibu haina jina, ina namba. Ikishakusanywa hairudi mikononi mwake. Kinachorudi ni herufi, A hadi F, na divisheni. Hajui alikosea wapi wala alipatia kwa nini. Herufi hiyo ndiyo ujira wake, na kwa kuwa ni ujira, mwanafunzi hujifunza kuuliza swali moja kabla ya yote: "Mwalimu, hili linatoka kwenye mtihani?" Kama halitoki, kalamu inawekwa chini. Hapo maarifa yamekwisha kuwa bidhaa, na jirani wa dawati amekuwa mshindani. Ndiyo maana Baraza la Mitihani lilifanya vyema Januari 2023 lilipoacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora.

Mwalimu Nyerere hakuwa mfuasi wa Marx, ila aliligusa donda hilo hilo katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Wengi wanakumbuka pendekezo lake la shamba la shule tu. Wanasahau kwamba alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mambo ya shamba hilo, pamoja na matumizi ya mapato yake. Uamuzi huo ndio kiini. Shule ilipofanya jembe kuwa adhabu ya wachelewaji, na mavuno yakaenda wasikokujua waliolima, mtoto alifarakana mara mbili: na daftari, kisha na udongo.

Mtihani wa taifa hauko mikononi mwa mwalimu mmoja. Rundo la madaftari lililo mezani pake liko. Mwalimu unayesoma haya, lirudishe likiwa na maelezo, si alama tupu, na umwache mwanafunzi aliandike upya jibu alilokosea kabla hujajaza orodha yako ya alama.