West Point: Miaka Kumi na Minne ya Kuimba Kwanza

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno haya husemwa katika kila kambi timu ya kikosi inapofungwa, na sisi tuvaao sare tumeyasikia tangu siku za ukuruti. Ni maneno mema. Lakini yako mahali ambapo kukubali kushindwa kulirudiwa miaka mingi mno hata kukakaribia kuwa desturi, napo ni katika chuo mashuhuri cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, yaani West Point.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, katika jimbo la New York. Timu yake hucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi mpira wenye umbo la yai, kofia ngumu kichwani, watu wakigongana vifua kama mafahali. Kila mwaka hupambana na chuo cha Wanamaji cha Annapolis. Pambano la kwanza lilifanyika mwaka 1890 na Wanamaji wakashinda 24–0. Kwa makadeti, hakuna mechi iliyo kubwa kuliko hii. Timu yaweza kushindwa msimu mzima, lakini ikiwashinda Wanamaji husamehewa mengi.

Pambano linapokwisha, timu zote mbili husimama pamoja mbele ya makadeti wa upande mmoja, kisha huvuka uwanja pamoja kwenda upande wa pili, na wimbo wa kila chuo huimbwa kwa heshima. Wimbo wa walioshindwa ndio hutangulia. Ndiyo maana kadeti wa West Point, akitaka kutaja ushindi, husema kwamba anataka kuimba wa pili. Tangu mwaka 2002 hadi 2015, mara 14 mfululizo, West Point waliimba kwanza.

Na tuyapime hayo kwa kipimo cha askari. Masomo ya chuo ni miaka 4. Wako vijana walioingia langoni, wakahitimu, wakavishwa nyota, wakaenda Iraq au Afghanistan na kurudi, wasiione hata siku moja timu yao ikiwashinda Wanamaji. Shabiki wa kawaida akichukizwa huondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Kadeti hana ruhusa hiyo. Huja uwanjani pamoja na wenzake kama anavyokwenda gwarideni, husimama mchezo mzima, na hushangilia hata matokeo yanapokuwa 58–12, kama mwaka 2002, au 34–0, kama mwaka 2008. Uchungu wake hauna pa kutokea.

Nayo haikuwa timu isiyo na jina. Chini ya mwalimu Earl Blaik, ilikuwa bingwa wa vyuo vya nchi nzima mwaka 1944, 1945 na 1946. Wastaafu walioikumbuka enzi hiyo, au waliosimuliwa na wakubwa wao, ndio walionung'unika kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2000 aliletwa mwalimu mpya, Todd Berry, aliyeuacha mchezo wa zamani wa kukimbia na mpira na kufundisha ule wa kuurusha mbali, kama wachezavyo wa kulipwa. Katika mechi 40 alishinda 5. Aliondolewa katikati ya msimu wa 2003, na msimu ule ukaisha kwa kushindwa mechi zote 13. Kabla ya hapo hakuna timu ya daraja la juu la vyuo iliyopata kushindwa mara 13 katika msimu mmoja.

Lawama zilipozidi, palizuka hoja ya kuwatetea. Ilisemwa kwamba kazi ya chuo ni kutoa maofisa. Kwamba mchezaji ana masomo yote na gwaride juu yake. Kwamba akihitimu anadaiwa miaka 5 ya utumishi, basi kijana mwenye pumzi na kilo nyingi anayetazamia kucheza kwa malipo ataenda kwingine. Zaidi ya hayo nchi ilikuwa vitani. Yote hayo ni kweli. Lakini kadeti wa Annapolis naye alidaiwa miaka ile ile 5, alivaa sare, aliamka alfajiri, na nchi yake ilikuwa vitani vile vile. Na alikuwa akishinda. Hoja ya utetezi ilifia hapo, na hapo ndipo manung'uniko ya washabiki yalipopata haki.

Wanamaji walikuwa wamefanya nini? Mwalimu wao, Paul Johnson, aliyeanza mwaka 2002, aliwapanga katika mchezo ule ule wa kukimbia ambao West Point waliutupa. Katika mchezo huo mwongozaji wa mashambulizi huukamata mpira, humtazama adui mmoja mbio mbio, na kwa kufumba na kufumbua huamua kumpa mwenzake, kukimbia nao au kuutupa pembeni. Hauhitaji majitu. Wahitaji watu wepesi, watiifu kwa mpango, wasiokosea hatua. Kwa maneno mengine wahitaji askari, na kwa maoni yetu kosa la West Point lilikuwa kuiga watu wenye silaha nyingine.

Hata waliporudia mchezo wao, ushindi haukuja mara moja. Desemba 2012 walikuwa nyuma 13–17, ikibaki kama dakika moja, nao wamefika yadi 14 kutoka mstari wa bao. Mwongozaji Trent Steelman akawa anamkabidhi mwenzake mpira. Ukaanguka, Wanamaji wakaudaka. Kijana yule, aliyekuwa ameiongoza timu kwa miaka 4, alilia mbele ya watu. Mwaka uliofuata matokeo yalikuwa 34–7, na kesho yake mwalimu Rich Ellerson akaachishwa kazi.

Aliyechukuliwa badala yake alikuwa Jeff Monken, aliyewahi kuwa msaidizi wa Johnson katika kambi ya Wanamaji. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Luteni Jenerali Robert Caslen, alitaka ushindi bila kuficha. Tamaa hiyo nayo ilikuwa na hatari zake, kwa maana mwaka 2014 chuo kililazimika kuwaadhibu makadeti na baadhi ya maofisa kwa jinsi walivyowakirimu vijana waliotakiwa kujiunga na timu, pombe ikiwamo.

Mwaka 2015 Wanamaji walishinda 21–17. Desemba 10, 2016, mjini Baltimore, matokeo yalikuwa yale yale, 21–17, ila yamegeuzwa. Zikiwa zimebaki dakika sita na ushei, Ahmad Bradshaw alikimbia yadi 9 na kuingiza bao la ushindi. Makadeti walimiminika uwanjani. Wakaimba wa pili.

Mwaka 2024 West Point ilitwaa ubingwa wa ligi yake kwa kuishinda Tulane 35–14, ubingwa wa ligi wa kwanza katika historia yake. Siku nane baadaye ilikutana na Wanamaji ikiwa imeshinda mechi 11 na kushindwa 1. Wanamaji wakashinda 31–13, na West Point, mabingwa, wakaimba kwanza.